Picha ya Mtu ni ya Mwenyewe

Hotuba ya kikundi cha walimu na vijana wa kazi ya picha, iliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni

 

Kamati imetuagiza tueleze jinsi picha mnazoziona ukutani zilivyoandaliwa, zilivyopigwa na zilivyochaguliwa. Imetaka tueleze kwa undani ili zoni itakayopenda kufanya kazi kama hii iwe na mahali pa kuanzia. Sisi ni walimu, kwa hiyo tutaeleza kama tulivyofundishwa chuoni kuandika andalio la somo: kwanza lengo, kisha vifaa, kisha hatua, na mwisho tathmini.

LENGO

Ndugu zetu, hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kupigwa picha. Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipowaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 walifika pia ndugu zetu wa Burundi. Kila aliyeingia alisimama mbele ya kamera ya kuandikishwa: tazama mbele, usicheke, vua kilemba, anayefuata. Picha ile ina kazi yake na hatuidharau. Bila hiyo hakuna kadi, na bila kadi hakuna mgao.

Iko picha ya pili, ya wageni wanaopita. Mgeni huona mama amebeba kuni, au mtoto mwenye kamasi puani, akapiga, akaondoka. Picha hiyo husafiri mbali kuliko aliyepigwa, naye hajui ilipofika wala maneno yaliyoandikwa chini yake.

Iko na picha ya tatu, ambayo wazee wetu waliijua huko Uvira, Baraka, Bukavu na Bujumbura kabla ya kukimbia. Mtu alioga, akavaa nguo ya sikukuu, akaenda studio kwa miguu yake na kwa fedha yake, akaketi anavyotaka yeye. Picha hiyo ilitundikwa sebuleni. Nyingi ziliungua pamoja na nyumba, au ziliachwa usiku wa kukimbia, kwa sababu mtu anayebeba mtoto na sufuria hana mkono wa tatu wa kubeba picha.

Lengo letu lilikuwa kurudisha picha hiyo ya tatu. Tuliliandika kwa sentensi moja, tukalibandika juu ya meza ya kazi: mwenye uso ndiye mwenye neno la mwisho. Mambo mengine yote tuliyapima kwa sentensi hiyo.

WALIOTUTANGULIA

Mwalimu hafundishi kabla ya kusoma, nasi tulisoma habari za mafundi wawili wa Afrika waliofanya kazi hii kabla yetu.

Wa kwanza ni Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Alikuwa fundi seremala, akafungua studio mwaka 1948, akafariki mwaka 2001. Alipiga kwa mwanga wa jua uani kwake. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Alilibadilisha kila baada ya miaka michache, na baadaye pazia lilimsaidia kutambua picha ni ya mwaka gani. Kwa kawaida alimpiga mtu mara moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo kazi kubwa ilifanyika kabla ya kubonyeza: kumkalisha mtu, kumgeuza bega, kumweka mikono. Alikuwa pia na suti, saa, kalamu na redio za kuwaazima wateja.

Wa pili ni Samuel Fosso, aliyezaliwa Kamerun mwaka 1962. Alikulia Nigeria, na utoto wake ulipita katika vita vya Biafra vya mwaka 1967 hadi 1970. Baadaye akahamia Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 1975 akafungua studio akiwa na umri wa miaka 13. Mchana alipiga wateja. Filamu ikibaki vipande vichache mwishoni, hakuvitupa: alivaa vizuri, akajipiga mwenyewe, akamtumia bibi yake Nigeria ili ajue kwamba mjukuu ni mzima. Tunaomba vijana walitafakari jambo hili. Mtoto aliyetoka vitani hakusubiri mtu aje kumwonyesha kwa ulimwengu. Alijionyesha mwenyewe, na kwa mtu aliyempenda.

VIFAA NA MAHALI

Tulikuwa na kamera moja ya dijitali ya kuazima, kiti kimoja, kigoda kimoja cha watoto, kioo, kitana, na shuka mbili. Betri zilichajiwa kwa sola ya shule. Picha zilisafishwa Kasulu mjini, na kwa kuwa hatutoki kambini bila kibali, tulipanga mapema nani atazipeleka. Ruhusa ya Mkuu wa Kambi tuliiomba kwa barua kabla ya kugusa kamera. Zoni itakayofuata ianze hapo.

Mahali tulichagua upande wa kusini wa darasa, chini ya ukingo wa paa. Sababu ni jiografia ya darasa la tano. Sisi tuko kusini kidogo ya Ikweta, na mwezi wa Juni jua liko kaskazini mwetu tangu asubuhi hadi jioni. Ukuta wa kusini hubaki kivulini siku nzima, na kivuli hicho hutoa mwanga mlaini usiokata uso nusu. Nao ni wakati wa kiangazi, mvua haituharibii ratiba. Atakayefanya kazi hii mwezi wa Desemba ageuze upande.

Jambo jingine ni udongo wetu mwekundu. Mwanga ukipiga chini hurudi juu ukiwa na wekundu, na kidevu cha mtu huonekana kama amepakwa rangi. Tulitandika shuka nyeupe mbele ya kiti. Wekundu ukaondoka, na mwanga wa shuka ukaingia machoni na chini ya kope, mahali ambapo picha zetu nyingi huwa na giza.

Pazia la nyuma lilizua mjadala. Kijana mmoja alipendekeza turubai, kwa kuwa liko tele. Tulikataa. Turubai limekuwa nyuma ya migongo yetu katika picha za kutosha. Wengine walitaka kitenge chenye maua. Keïta aliweka maua juu ya maua, ikapendeza. Lakini picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, na zetu ni za rangi. Mama akija na kitenge chake, maua ya pazia yangegombana na maua yake. Tukachukua shuka ya kijani iliyoiva isiyo na maua.

Rangi ile ilikuwa na faida ya pili. Kamera hupima mwanga wa mahali pote kwa pamoja. Nyuma kukiwa kweupe, hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na uso mweusi huzama gizani. Nyuma kukiwa kumeiva, uso hupata haki yake. Hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo ziliitwa Shirley. Zaidi ya hayo, filamu yenyewe iliandaliwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba picha za zamani zilimfanya aonekane mweusi kuliko alivyo hasemi uongo.

HATUA ZA KUPIGA

Ratiba tuliipanga kwa vijiji, siku moja kijiji kimoja, wazee na wagonjwa kwanza. Wasioweza kutembea tuliwafuata nyumbani na shuka yetu. Hapa hatukutaka kuchelewa, kwa maana kila mwaka tunazika watu ambao picha yao pekee ni ile ya kadi. Familia huja kutuuliza kama picha ya kadi inaweza kukuzwa iwekwe juu ya jeneza. Inaweza, lakini uso wa kwenye kadi ni uso wa mtu aliyeambiwa asicheke.

Kabla ya kuketi, kila mtu aliulizwa maswali manne, mahali pa faragha, na kwa lugha yake: Kiswahili, Kibembe, Kifuliru au Kirundi.

La kwanza: picha hii unataka imfikie nani?
La pili: unakubali itundikwe ukumbini?
La tatu: unakubali ichapishwe katika jarida?
La nne: jina lako liandikweje, na nini kisiandikwe?

Tunasisitiza kwamba swali la pili na la tatu ni maswali mawili. Anayekubali kutazamwa na jirani hajakubali kutazamwa na mtu wa mbali. Wako kati yetu waliokimbia watu wanaowajua kwa majina. Kwa mtoto, tulitaka kibali cha mzazi au mlezi na cha mtoto mwenyewe. Mtoto akisema hapana, ni hapana, hata mlezi akisema ndiyo. Na aliyekataa yote mawili alipigwa picha yake akapewa vilevile. Hatukumnyima mtu picha kwa sababu hakutupa ruhusa ya kuionyesha.

Swali la kwanza ndilo lililotufundisha zaidi. Tulidhani watu watasema wanataka picha ya kuweka nyumbani. Wengi walitaja mtu aliye mbali: mtoto aliyepelekwa Marekani, ndugu aliyerudi Fizi, mama ambaye hawajui kama yuko hai. Tangu hapo hatukusema tena “tazama kamera.” Tulisema, “mtazame huyo uliyemtaja.” Mkitembea ukumbini mtaona tofauti katika macho.

Tulikuwa pia na koti moja la suti, tai mbili, na mkoba wa kike, vya kuazima kwa anayetaka. Mzee mmoja wa kamati alitukanya mbele ya watu. Alisema wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwamba tunawafundisha watu kudanganya jamaa zao. Hoja yake ni nzito, na tuliijadili jioni nzima. Wenzetu wengine walimuunga mkono. Jibu letu lilikuwa hili. Methali inamwonya mtu asitegemee cha mwenzake kwa maisha yake. Lakini anayevaa koti kwa dakika tano hasemi “mimi ni tajiri.” Anasema, “ningekuwa kwangu, hivi ndivyo ningekupokea.” Wateja wa Bamako walifanya hivyo, na hakuna anayewaita waongo. Tukakubaliana kwamba koti libaki msumarini. Asiyelitaka asishawishiwe, anayelitaka asiulizwe. Mzee alikuja siku ya kijiji chake, akaketi na shati lake mwenyewe, nasi tunamshukuru.

HATUA ZA KUCHAGUA

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo watu hudhani ni ndogo, nayo ni nusu ya kazi. Kila mtu alipigwa mara tatu au nne. Zote haziwezi kusafishwa, na zote haziwezi kutundikwa. Nani achague?

Tulichagua kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wetu, jioni ileile. Tuliondoa zilizotikisika na zilizofumba macho, basi. Hatukuondoa picha kwa sababu mtu “hakupendeza.”

Mzunguko wa pili ulikuwa wa mwenye picha. Alizitazama kwenye kompyuta ya shule, akachagua moja. Mara nyingi hakuchagua ile tuliyoipenda sisi. Sisi tulipenda aliyecheka. Yeye alimchagua aliyenyamaza na mikono imetulia magotini. Tulinyamaza, kwa maana sentensi ya mezani ilikuwa inatutazama.

Mzunguko wa tatu ulikuwa wa ukumbi, na hapo palikuwa na ugomvi wa kweli. Baadhi ya wajumbe walisema: wageni wanakuja, wataona watu wamevaa vizuri, wanatabasamu, watasema hawa wameshiba, na mgao unaweza kupunguzwa. Walitaka tuchanganye picha za huzuni. Msiwacheke, ndugu zetu. Mwenye watoto sita na karatasi ya mgao mkononi ana haki ya kuogopa hivyo. Lakini tuliwauliza: nani atamwendea bibi aliyechagua picha yake ya tabasamu, amwambie tumeiweka ile nyingine kwa sababu umaskini wako unatufaa? Hakujitokeza mtu. Tukakubaliana kwamba shida za mgao zisemwe kwa maneno na kamati, kwa barua na kwa hesabu, kama zinavyostahili kusemwa. Uso wa mtu usitumwe kwenda kuomba bila mwenyewe kujua.

Kuhusu mpangilio, picha zote ni za ukubwa mmoja, na zimefuatana kama watu walivyofuatana kuketi. Kuna waliotaka viongozi juu na wananchi chini. Katika kitabu chetu Mwenyekiti alikuja baada ya muuza dagaa na kabla ya wanafunzi mapacha, na ndivyo alivyo ukutani. Mwenyewe amecheka na kukubali.

Wako watu ambao hawamo ukutani kwa hiari yao. Mtu alipendekeza tuwaachie nafasi tupu kwa heshima. Tulikataa, kwa sababu nafasi tupu nayo husema, na watu wangeanza kuhesabu ni nani aliyekosekana.

Kuhusu kurekebisha, kompyuta siku hizi huweza kufuta kovu, kung'arisha ngozi na kupunguza miaka. Sisi tulirekebisha mwanga na kukata kingo, basi. Ngozi hatukuing'arisha. Mwenye kovu asiyependa lionekane tulimgeuza uso wakati wa kupiga, au tulimshusha kilemba kidogo. Tulifanya hivyo kabla, hatukufuta baadaye. Tunayo sababu. Baada ya mwaka 1994, huko Goma, picha za watoto waliopoteana na wazazi zilipigwa na kubandikwa kambini, wazazi wakapita wakizitazama mmoja mmoja wakitafuta mtoto wao. Mzazi hutambua kwa alama ndogo: kovu la nyusi, sikio, pengo. Ikiwa picha hizi zitamfikia mama ambaye hajamwona mwanawe kwa miaka 20, tusiwe sisi tuliofuta alama atakayomjulia.

MAJINA NA HIFADHI

Turudi kwa Keïta kidogo. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York, na chini yake iliandikwa kwamba mpigaji hajulikani. Mpigaji alikuwa hai, Bamako, na jina lake likapatikana baadaye. Lakini wengi wa waliomo katika picha hizo, pamoja na suti na vilemba vyao, hatujui majina yao mpaka leo. Ulimwengu unajua pazia, haumjui mtu.

Kwa hiyo chini ya kila picha tumeandika jina kama mwenyewe alivyotaka, na kazi aijuayo: mshonaji, mkunga, mkulima, fundi baiskeli, mwanafunzi. Neno “mkimbizi” hatukuliandika chini ya picha yoyote. Si kwamba tunalionea haya, maana leo ni siku yake. Lakini hilo linaeleza kilichotupata, na picha inaeleza sisi ni nani. Kijiji cha asili kimeandikwa kwa aliyetaka tu.

Hali kadhalika tumejifunza kwa Fosso. Mwaka 2014, wakati wa machafuko ya Bangui, nyumba yake iliporwa, na picha na negativu za miaka mingi zikatupwa nje. Waandishi wa habari waliokuwa wakipita ndio waliookota nyingi kati ya hizo. Sisi hatuwezi kutegemea mpita njia. Kila picha ina nakala tatu: moja kwa mwenyewe, moja katika sanduku la bati la kamati, na moja katika flashi inayohifadhiwa mahali pengine. Kitabu cha majina hakilali sanduku moja na picha, ili atakayeiba kimoja asipate vyote.

TATHMINI

Andalio la somo huisha kwa kuuliza: je, lengo limefikiwa? Hilo hatulijibu sisi. Walioketi ndio wenye jibu. Tunachoweza kusema ni kwamba wengi waliochukua picha zao waliomba bahasha, na bahasha ni dalili ya safari. Wengi wetu tuliokuwa watoto mwaka 1996 leo ni walimu na wazazi. Jirani mmoja anarudi nyumbani, mwingine anapelekwa ng'ambo, mwingine anabaki. Hatutakaa tena sote mahali pamoja kama leo, na kila mmoja anastahili kuondoka na uso wake alioupenda.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, vijiji ambavyo havijafikiwa vilete majina ya wazee na wagonjwa kwa wenyeviti wao mapema. Pili, aliyebadili mawazo, ambaye hataki tena picha yake iwe ukutani, aje atuone, wakati wowote, bila kueleza sababu. Itashushwa siku hiyohiyo. Tatu, vijana wanne wanaotaka kujifunza kazi hii waje shuleni baada ya masomo. Watakuta kamera, shuka mbili, na sentensi moja juu ya meza.